Gari likigonga "ko", mwalimu wa Kiswahili yuko wapi?

Wako wasomi wengi katika nchi hii wanaoweza kukueleza kwa ufasaha mkubwa sababu za kuanguka kwa dola ya Kirumi, lakini wakisimama mbele ya fundi wa magari hukwama kwenye sentensi moja tu: "Gari lina shida." Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao. Nakiri hivyo bila kusita, kwa kuwa ujinga huo nimekwisha kuulipia kwa fedha taslimu, na nusura niulipie kwa kitu kisichonunuliwa kwa fedha.

Gari langu ni Toyota Corolla lililoundwa Japani mwaka wa 1998 na kuletwa humu nchini mwaka wa 2005. Kanuni zetu haziruhusu gari lililokwisha kutumika kuingizwa Kenya likiwa limepita umri wa miaka minane. Kwa hiyo gari la mwalimu wa kawaida huanza maisha yake hapa likiwa limekwisha kumtumikia mtu mwingine ng'ambo, kisha likaendelea kututumikia sisi kwa miaka ishirini na zaidi juu ya matuta, mashimo na udongo mwekundu. Gari kuukuu si aibu katika Kakamega. Ndilo gari.

Msimu mmoja wa mvua, si zamani sana, nilianza kuona mambo mawili. Kwanza, kila nilipofikisha kasi ya kilomita 80 kwa saa, usukani ulinitetemeka mikononi kama mtu aliyeshikwa na homa. Pili, kulikuwa na kitu kilichogonga chini ya gari, upande wa mbele kushoto. Hilo la kwanza lilinitisha. Hilo la pili nililizoea, na nilipochoka kulisikia niliongeza sauti ya redio. Msomaji aliyewahi kumiliki gari la umri huo atanielewa.

Nililipeleka gari kwenye gereji moja mjini nikasema, "Gari linatetemeka na kugonga." Hawakuniuliza jambo jingine lolote. Walibadilisha shokabsoba mbili za mbele, nikalipa, nikaondoka. Gari likaendelea kutetemeka na kugonga. Nikaenda gereji ya pili, nikairudia sentensi yangu ile ile neno kwa neno, kama mwanafunzi aliyekariri shairi. Hapo walibadilisha tairodi, yaani vile vyuma vinavyosukuma na kuvuta magurudumu pale unapozungusha usukani. Nikalipa tena. Mtetemo ukabaki, mgongano ukabaki.

Siwalaumu sana mafundi wale. Mgonjwa akimwambia daktari, "Naumwa," kisha akanyamaza, daktari asiyekuwa na subira atampa dawa ya maradhi yaliyoenea zaidi mtaani. Ndivyo nilivyotibiwa.

Mtu wa tatu alikuwa mzee mmoja anayefanyia kazi chini ya mparachichi, nje kidogo ya mji, bila kibao wala lango. Nilipomfikia nilianza na sentensi yangu.

"Inatetemeka na kugonga, mzee."

"Pole, mwalimu. Inatetemeka ndiyo inagonga, ama inagonga hata kama haitetemeki?"

Nilinyamaza. Sikuwa nimewahi kujiuliza.

"Haya. Inagonga namna gani? Ni ko! moja, ama ni ko-ko-ko? Ama ni tak-tak-tak ukikata kona? Ama ni du! ukitoa gari?"

Nilinyamaza tena.

"Na ni nini inatetemeka? Ni stering, ni kiti, ama ni gari yote?"

Hilo la mwisho niliweza kulijibu, nami nikalijibu kwa furaha ya mtoto aliyepata alama moja katika mtihani wa maswali matatu. Mzee hakufungua boneti wala hakuchukua spana. Aliingia garini, akazima redio yangu kwa mkono wake mwenyewe, akasema, "Twende, mwalimu. Tuisikilize."

Tukaenda kwanza kwa njia ya changarawe, polepole, vioo vimeteremshwa. Kisha tukaingia barabara kuu ya kuelekea Malava na Webuye, mahali ambapo pana nafasi ya kukimbia kidogo. Aliniagiza nifike kilomita 60, kisha 80, kisha 100, na kila mara aliuliza mikono yangu inahisi nini. Aliniagiza nikanyage breki taratibu, kisha kwa nguvu. Aliniagiza nizunguke kwenye uwanja mtupu, usukani umekunjwa hadi mwisho, kulia na kisha kushoto. Tulitumia karibu nusu saa. Katika nusu saa hiyo nilijifunza mambo ambayo shahada zangu tatu hazikunifundisha, na naomba radhi kwa wasomaji nikiyaeleza kwa kirefu, kwa sababu bila hayo hoja yangu haitasimama.

Kwa mzee yule, "kutetemeka" si jambo moja. Ikiwa ni usukani unaotetemeka, na mtetemo huo huja kwenye kasi fulani kisha ukapungua ukiipita kasi hiyo, hapo anashuku magurudumu ya mbele hayana mizani. Ikiwa usukani umetulia lakini kiti kinatetemeka, huangalia magurudumu ya nyuma. Ikiwa mtetemo huja tu mguu unapokuwa juu ya breki, basi magurudumu yaachwe, zitazamwe diski za breki, ambazo huenda unene wake haulingani tena pande zote. Na ikiwa gari linayumba hata kwa mwendo wa mtu anayetembea, usukani ukienda kushoto na kulia kama kichwa cha mtu anayekataa, basi ama rimu imepinda, ama tairi limevimba kwa ndani, ama nati za gurudumu zimelegea. "Hapo, mwalimu," alisema, "unasimama. Huendi hata mpaka kwa fundi. Fundi anakuja kwako."

Hali kadhalika, "kugonga" si jambo moja. Gari likigonga ko! kila linapoingia shimoni au kupanda tuta, kuna kiungo kilicholegea katika mikono inayoshika gurudumu: bushi za mpira zilizokwisha, linki ya stabilaiza, au bolijointi, ambayo ni tufe la chuma ndani ya kikombe chake, mfano wa mfupa wa paja ndani ya nyonga. Likigonga tak-tak-tak unapokata kona huku umekanyaga mafuta, na mgongano ukaongeza kasi pamoja na gurudumu, ni jointi ya ekseli ya mbele. Likipiga du! moja nzito unapoondoa gari au unapobadilisha gia, basi tazama maunti za injini. Na ikiwa si kugonga bali ni kuvuma, vuuu, mvumo ambao hupanda na mwendo na kubadilika unapoinamia upande mmoja wa kona, hiyo ni beringi ya gurudumu.

Tuliporudi chini ya mparachichi alitia mawe nyuma ya magurudumu, akainua upande wa kushoto kwa jeki, akasukuma gogo zito chini ya chesisi kabla ya kuingiza hata mkono. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Nimeona wanafunzi wakifanya hivyo mbele ya mabweni, nami nawasihi wakome. Kisha akalishika gurudumu kwa juu na chini, akalitikisa. Vitabu vya ufundi vya Kiingereza husema lishikwe kwenye saa 12 na saa 6, kisha kwenye saa 9 na saa 3. Mzee alisema saa sita na saa kumi na mbili, kisha saa tatu na saa tisa. Saa zetu na za Waingereza hupishana kwa sita, na kwa sababu hiyo jozi zile zikabaki zile zile. Labda ni mimi tu na watu wa kazi yangu tunaoweza kuona raha katika jambo kama hilo.

Akitikisa kwa kulia na kushoto, gurudumu lilitulia: tairodi zangu mpya zilikuwa nzima, na yamkini hata zile za zamani zilikuwa nzima. Akitikisa kwa juu na chini, kulikuwa na mchezo, na ile ko! ikasikika hapo hapo mikononi mwake. Aliniagiza nikanyage breki naye akatikisa tena. Mchezo haukuondoka. Akaeleza kwamba kama ungalikuwa umetokana na beringi, breki ingaliushika na kuuzima. Akatia mtaimbo kati ya mkono wa chini na kitovu cha gurudumu, akabinya, nami kwa macho yangu nikaiona bolijointi ikipanda na kushuka ndani ya kikombe chake. Mpira wake ulikuwa umepasuka siku nyingi, maji na mchanga wa mvua zetu vikaingia na kuusaga ule mfupa wa chuma.

Akaniuliza huwa naendesha wapi. Nikamwambia kwamba kila mwisho wa wiki huipeleka familia Kisumu, nikipitia Chavakali, Mbale na Majengo, kisha nateremka milima ya Maragoli hadi Kiboswa. Mzee aliweka mtaimbo chini. Bolijointi ikichomoka, gurudumu hujikunja chini ya gari, na hapo usukani haumtii tena dereva. Hakusema zaidi ya hayo, wala sikumwomba aseme. Watoto wangu watatu hukaa kiti cha nyuma.

Na ule mtetemo ulionitisha mimi kwa majuma mengi? Alilitoa gurudumu, akaligeuza, akanionyesha upande wa ndani wa rimu. Udongo mwekundu ulikuwa umekauka humo, umeganda upande mmoja kama kiota cha nyigu. Eneo hili hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na yeyote anayeingia barabara za vijijini alasiri hurudi na mzigo asioujua. Mzee aliukwangua kwa bisibisi, akanituma mjini nikafanye balansi, na mtetemo ukakoma siku ile ile.

Walimu wa fizikia watapenda hesabu yake. Chukua udongo wa gramu 50 tu, uzito usiofika yai moja la kuku, ulioganda kwenye rimu ya kadiri ya Corolla yangu. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, gurudumu huzunguka kiasi cha mara 15 kwa kila sekunde, na udongo ule mdogo huvuta gurudumu kuelekea nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 8. Mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu hiyo hushuka hadi robo, yaani uzito wa kilo 2 hivi. Ndiyo sababu huhisi kitu ukiwa ndani ya mji. Na sababu ya mtetemo kuzidi kwenye kasi moja kisha ukapungua ni ile ile ya pembea: mtoto husukumwa juu zaidi pale msukumo unapolingana na mwendo wa pembea yenyewe. Mfumo wa usukani nao una mwendo wake wa asili, na gurudumu lisilo na mizani likiugusa mwendo huo, mikono ya dereva hupata habari.

Kwa ufupi, lililonitisha lilikuwa tope. Nililolifunika kwa redio ndilo lililokuwa karibu kuniua.

Sasa nije kwenye fani yangu. Kosa langu lilikuwa wapi? Sikukosa msamiati wa vipuri. Nilijua neno shokabsoba, nilijua neno tairodi, na kama ningetaka kujionyesha ningeweza hata kubuni istilahi sanifu za vitu hivyo na kuzipigania katika kongamano. Kosa langu lilikaa katika kiunganishi chenye herufi mbili. Nilisema gari linatetemeka na kugonga. Hiyo "na" iliyafunga mambo mawili yasiyohusiana kuwa kitu kimoja, na kila aliyenisikia alitafuta ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Swali la kwanza la mzee lilikuwa ni kuikata hiyo "na" kwa kisu. Ni kweli kwamba ule ulegevu wa kiungo uliuongezea mtetemo nguvu, lakini haukuuzaa, na udongo haukuzaa ile ko!

Swali lake la pili lilikuwa la tanakali za sauti, na hapa ndipo ninapotaka walimu wenzangu wa Kiswahili wanisikilize. Sisi tumewafundisha watoto tanakali kwa miaka na mikaka. Wanajua kwamba mtu huanguka majini chubwi, hutulia tuli, hulala fofofo, na giza huwa totoro. Kabla ya mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, watoto walizikariri kwa orodha, kisha wakazimwaga ndani ya insha kama chumvi, iwe chakula kinazitaka au hakizitaki. Nimesahihisha insha ambazo kila mtu hulala fofofo na hakuna hata mmoja aliyeamka. Tumewafunza kwamba tanakali ni pambo la lugha, jambo la kuongezea alama mbili.

Mzee wa chini ya mparachichi hajui kwamba tanakali ni pambo. Kwake ni ushahidi. Ko moja na ko tatu si mtindo tofauti wa kusema. Ni vipuri viwili tofauti na bei mbili tofauti. Tak si ko, kwa kuwa tak ni kavu na fupi, chuma juu ya chuma bila mpira katikati. Du huja polepole na nzito kwa sababu kilicholegea ni kikubwa, nacho kimekalia mpira uliochoka. Clement Doke, mwanaisimu aliyezitafiti lugha za Kibantu huko Afrika Kusini, alilipa kundi hili la maneno jina lake la kitaalamu mwaka 1935, akilieleza kuwa ni wazo linalochorwa kwa sauti. Lugha za Kibantu ni tajiri mno katika fani hii, na sijui jamii inayostahili zaidi kuwa bingwa wa kueleza milio ya mashine kuliko sisi. Badala yake twasema, "Gari lina shida."

Asidhani msomaji kwamba nakuza jambo dogo la gereji. Mwaka 1816 daktari Mfaransa, René Laennec, aliviringisha karatasi akaiweka kifuani kwa mgonjwa, akasikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia. Huo ukawa mwanzo wa kile chombo ambacho kila daktari hukivaa shingoni. Lakini kitabu alichokichapisha mwaka 1819 hakikuwa kitabu cha chombo tu. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ni kuipa milio ya kifua majina, kuutofautisha mlio huu na ule, na kueleza kila mlio huenda na ugonjwa gani. Chombo kisicho na msamiati kingebaki karatasi. Nimewaona mafundi wetu wakiweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini wake sikioni. Chombo wanacho, msamiati wanao. Wasichokuwa nacho ni mtu wa kuuandika.

Jambo la tatu alilouliza mzee ni mtendaji. Ni nini kinachotetemeka? Kila mwanafunzi wa shule ya upili anajua upatanisho wa kisarufi: usukani unatetemeka, kiti kinatetemeka, gari linatetemeka. Tunausahihisha kwa wino mwekundu kana kwamba ni adabu ya mezani tu. Kumbe katika hiyo u, hiyo ki na hiyo li mna tofauti kati ya magurudumu ya mbele, magurudumu ya nyuma na jambo jingine kabisa. Mzee mwenyewe husema "gari inagonga," nami niliuacha wino wangu mwekundu mfukoni siku ile, kwa sababu yeye alijua anachokizungumzia na mimi sikujua.

Najua nitajibiwa nini. Wako wenzangu watakaosema kwamba dawa ya haya yote ni kusanifu istilahi. Sipingi usanifu. Wataalamu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam walipotoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990 walitufanyia hisani kubwa. Lakini istilahi zinazosanifiwa aghalabu ni nomino, majina ya vitu, na jina la kitu ndilo jambo la mwisho ambalo mgonjwa anapaswa kumwambia daktari. Anayeingia gereji akisema, "Nibadilishie shokabsoba," amekwisha kujitibu mwenyewe, na muuza spea atafurahi kumwitikia. Uchunguzi wa hitilafu hukaa ndani ya vitenzi na vielezi: linagonga, linagongagonga, linagota, linakwaruza, linavuma, linavuta upande, lini, wapi, kwa mwendo gani, injini ikiwa ya moto au baridi. Utajiri huo tunao tayari na hauhitaji kamati.

Wengine watasema siku hizi kuna kompyuta. Mtu hulipia, waya hutiwa chini ya usukani, na gari hujieleza lenyewe. Kompyuta hiyo ina manufaa, lakini husoma tu yale yaliyofungiwa vihisio, hasa mambo ya injini na umeme. Bolijointi ya Corolla ya mwaka 1998 haina kihisio chochote. Kihisio chake ni sikio la dereva, na waya wake ni ulimi.

Na wako watakaosema, kwa heshima zote, kwamba masomo ya ufundi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kwa hivyo Kiswahili kibaki katika fasihi. Hoja hii inanisumbua zaidi ya zile nyingine kwa kuwa nusu yake ni kweli. Kijana atokaye chuo cha ufundi, awe amesomea hapa karibu Sigalagala au kwingineko, atakuwa ameandika majibu yake yote kwa Kiingereza. Lakini siku ya kwanza ya kazi yake atasimama mbele ya mama muuza mboga wa Khayega aliyekuja na pikapu, na mama huyo hatamletea Kiingereza. Atamletea ko! Ikiwa kijana hakufundishwa kuuliza "ko ya namna gani, mama, na wakati gani?" atabadilisha kipuri cha kwanza atakachokiona. Tangu mwaka 2010 Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sijui urasmi utakuwa na maana gani ikiwa hautamfaa mama huyo ambaye breki na usukani wa gari lake ndio uhai wake.

Kwa upande wangu nimeanza kidogo. Muhula uliopita niliwaondolea wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi la kuorodhesha tanakali ishirini na matumizi yake, nikawatuma wawili wawili kwa mafundi wa magari, wa baiskeli, wa vyerehani na wa vinu vya posho. Kila jozi ilitakiwa kurudi na milio mitano, hali ya mashine kila mlio uliposikika, na kilichopatikana baada ya mashine kufunguliwa. Wengi walirudi na kurasa mbili za maneno ambayo sikuyakuta katika kamusi yoyote iliyo kwenye rafu yangu. Jozi moja iliyokwenda kwenye kinu cha posho ilibishana nami darasani kwamba "kwaru" na "kwara" ni maneno mawili yenye maana mbili, moja la jiwe kukaribiana mno na jingine la punje ya mchanga kuingia. Niliwaambia walete ushahidi. Walirudi kinuni Jumamosi na simu ya kurekodi, na naona aibu kusema kwamba walinishinda.

Mwalimu wa shule ya upili anaweza kufanya hivyo hivyo bila bajeti. Basi la shule lipo, na dereva wake yupo. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili wakikubaliana kutumia kipindi kimoja, mmoja atauliza kwa nini mtetemo huja kwenye kilomita 80 na mwingine atauliza tuuandike vipi ili mtu wa Mumias aliyeusoma bila kuusikia ajue ni upi. Sidhani kuna insha ngumu kuliko hiyo.

Bolijointi mpya ilitiwa siku ile, na ya kulia pia, maana mzee alisema ndugu hao huzeeka pamoja. Nilimlipa pungufu ya robo ya nilichowalipa wale wawili wa kwanza, kisha nikaenda Kisumu na kurudi nikiwa nimezima redio.

Juma lililopita nilimrudia. Nilikuwa nimejiandaa vyema. Nilimwambia kwamba gari halitetemeki, usukani umetulia, breki ni nzuri, lakini asubuhi, injini ikiwa bado baridi, nikipanda tuta la langoni kwa gurudumu la nyuma la kulia, husikika ko. Mzee alitabasamu, akafuta mikono kwa kitambaa.

"Vizuri, mwalimu. Sasa niambie: ni ukipanda tuta, ama ni ukishuka?"

Nikaingia garini nikarudi nyumbani kusikiliza.